Mwongozo wa Kuozesha Printa Kongwe kwa Laptopu Mpya

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kazi yake inakwenda vizuri na hawezi kuivumilia hali hiyo. Kama kompyuta ya dukani kwako ina miaka ishirini na bado inatoa ankara, kama hesabu ya stoo inalingana na mali iliyomo, na usiku unalala, basi una sifa zote za kuufuata. Mimi niliufuata kabla haujaandikwa.

Kitu cha kwanza kinachohitajika ni shangazi. Wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Pembeni mwa kaunta, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, imekaa kompyuta yenye Windows XP, na ubavuni mwake printa ya Epson LX-300, yenye sindano tisa na sauti ya cherehani iliyokasirika. Programu ya stoo iliandikwa mwaka 1996 kwa Turbo Pascal, na mwanafunzi mmoja wa chuo aliyelipwa kwa mabati ya nyumba ya mama yake. Mwanafunzi huyo alishakwenda ughaibuni. Mabati yangali juu ya nyumba, na programu ingali inahesabu misumari.

Utauliza kwa nini mtu na akili zake abaki na printa ya namna hiyo wakati za leza zimejaa madukani. Ni kwa sababu ankara ya Shangazi ina nakala tatu: nyeupe ya mteja, ya waridi ya stoo, ya njano ya mhasibu. Printa ya leza hupaka unga juu ya karatasi na kuuyeyusha kwa joto. Ile ya wino hurusha matone. Zote mbili zinaishia kwenye karatasi ya juu. Printa ya sindano huipiga karatasi ngumi, na ngumi hiyo ndiyo inayofika hadi nakala ya tatu. Ukiipa leza kazi hiyo itabidi uchape mara tatu, na mteja mmoja mwenye maneno atakuuliza atajuaje kama zote tatu zinasema kitu kimoja.

Kitu cha pili ni hofu ya kuazima. Mimi niliiazima kwenye habari: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Nikampigia Shangazi simu. Shikamoo na marahaba zilipokwisha, nikamweleza kwamba mashine yake imo hatarini. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba yeye hana Windows 10. Ana XP, ambayo huduma yake ilikoma tarehe 8 Aprili 2014. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa bila huduma ambayo hakuwahi kuipokea hata siku moja, kwa hiyo hakuona ilipokatika.

"Mwanangu," akasema, "wanatudai?"

"Hawatudai kitu, Shangazi."

"Basi na sisi hatuwadai."

Mwenye busara angeomba dua hapo na kukata simu. Wewe, kama unaufuata mwongozo, nenda kanunue laptopu.

Hatua ya kwanza: ifungue laptopu mbele ya mashahidi. Mimi niliifungua juu ya kaunta, Shangazi yupo, karani yupo, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri kupimiwa misumari. Ilikuwa nyembamba kama kigae cha bafuni, na kioo chake kiling'aa. Karani aliizungusha mara mbili akitafuta mahali pa kuchomeka printa. Waya wa LX-300 una kichwa kipana cha pini 25 upande wa kompyuta, chenye skrubu mbili za kukazia kwa vidole, na kichwa kingine cha pini 36 upande wa printa. Kitu hicho ukikichomeka kimechomeka. Mtoto akijikwaa kwenye waya, huanguka mtoto. Laptopu ilikuwa na vitundu viwili vyembamba kama macho ya mtu anayetaka kulala. Mafundi huita tundu kama lile poti, na ukilitafsiri neno kwa neno unapata bandari. Shangazi, mzaliwa wa Tanga, alisikiliza maelezo yangu kwamba kompyuta za siku hizi hazina bandari ya aina ile, kisha akauliza mzigo unashukia wapi.

Nilimjibu kwamba tutatafuta.

Hatua ya pili: hamisha programu. Hii ni rahisi. Folda nzima, pamoja na kumbukumbu zake zote, haikufika megabaiti tano; picha moja ya simu ya leo huweza kuizidi. Niliinakili kwenye flashi, nikaibandika kwenye laptopu, nikabofya. Windows 11 ikaniambia, kwa adabu ya karani wa benki, kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako, na kwamba nimwulize aliyeichapisha. Aliyeichapisha yuko ughaibuni, na malipo yake yanavujisha mvua kila masika.

Sababu yenyewe haina uchawi. Programu za DOS ni za biti 16. Matoleo ya Windows ya biti 32 yaliyotokana na NT, XP ikiwamo, yalikuwa na chumba cha uani kiitwacho NTVDM, ambamo programu ya DOS ililazwa ikidhani iko peke yake katika nyumba. Chumba hicho kilitegemea uwezo wa prosesa wa kujifanya 8086, prosesa iliyotoka mwaka 1978. Prosesa inapofanya kazi kwa biti 64 uwezo huo haupatikani, na Microsoft haikujenga chumba kingine. Windows 10 bado ilikuwa na toleo la biti 32 lililokuwa na chumba kile. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haina toleo hilo kabisa. Kwa hiyo waweza kubofya hadi kidole kiote sugu.

Utaambiwa na shemeji, na kila mwongozo wa kubahatisha lazima uwe na shemeji, kwamba ubofye upande wa kulia, ufungue sifa za faili, uchague iendeshwe kama kwenye XP. Jaribu, ili amani iwepo nyumbani. Kisanduku kile huidanganya programu kuhusu jina na umri wa mwenyeji wake. Kwa programu changa kidogo huweza kusaidia. Kwa ya biti 16 ni sawa na kumwambia mgeni asiyeweza kupanda ngazi kwamba sasa ni mwaka 2001. Ngazi iko palepale.

Hatua ya pili, kwa mara nyingine. Ipo programu iitwayo DOSBox, iliyotoka mwaka 2002, ambayo kazi yake ni kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya. Ilitengenezwa na watu waliokuwa na hamu ya michezo yao ya utotoni, si na watu wenye stoo ya saruji. Niliiweka, nikafungua programu ya Shangazi, na kweli skrini ya buluu yenye maandishi ya manjano ikatokea. Karani akapiga makofi. Ila ilikwenda polepole, kwa sababu DOSBox isipoambiwa vinginevyo huiendesha programu ya aina hii kwa mwendo wa mashine za miaka ya 80. Nikaona huo ni uzembe. Nikaenda kwenye mipangilio, nikaiamuru itumie nguvu zote za laptopu, nikaifungua upya. Ikafa palepale, ikiacha mstari mmoja: kosa namba 200.

Shangazi aliutazama mstari ule kama mtu anayemtambua mwizi wa zamani. "Huyu tulishamfukuza," akasema.

Alikuwa sahihi. Mwaka 2003 duka lilipoachana na kompyuta yake ya kwanza, 486 ya megahezi 66, na kuhamia kwenye Pentium mpya, programu ilikataa kufunguka kwa kosa hilohilo. Programu nyingi za Turbo Pascal, kabla hazijaonyesha chochote, hupima kasi ya mashine: huzunguka bure kwa muda wa pigo moja la saa ya ndani, milisekunde 55, zikihesabu mizunguko, kisha hugawanya jumla kwa 55 ili zijue milisekunde moja ina mizunguko mingapi. Kwenye 486 jibu lilikuwa dogo. Prosesa zilipopita takriban megahezi 200, jibu likawa halienei katika nafasi ya biti 16 liliyotengewa. Prosesa ikakataa hesabu hiyo ya kugawanya, na programu ikafa ingali mlangoni. Hakuna kilichoharibika. Mashine ilikuwa na haraka mno, basi. Wahenga walikwisha kuonya juu ya haraka, ila hawakutaja Pascal.

Fundi wa mwaka 2003 aliipiga programu kiraka kilichokuwa kikigawiwa bure siku zile, akaiweka katika folda aliyoiita STOO2. Mimi, kwa uangalifu wangu wote, nilikuwa nimenakili STOO.

Usidhani hilo ni tatizo la wanafunzi wa chuo peke yao. Windows 95 yenyewe ilikuwa ikianguka wakati wa kuwaka kwenye prosesa za AMD K6-2 zenye kasi ya megahezi 350 na zaidi, nayo kwa sababu ya jamii hiyohiyo. Windows 98 ikipewa kumbukumbu inayozidi megabaiti 512 huweza kulalamika kwamba haina kumbukumbu ya kutosha. Na zipo programu za zamani zinazokataa kusakinishwa kwa madai kwamba diski imejaa, kumbe ni tupu na kubwa, kubwa kiasi kwamba hesabu ya nafasi imefurika na kugeuka hasi. Vijana hudhani vitu vya zamani hushindwa kwa sababu ni dhaifu. Mimi nimeviona vikifa kwa shibe.

Hatua ya tano (ya tatu na ya nne nilizitumia kutafuta waya): printa.

Sasa ndipo harusi inapoanza. Katika posa za kwetu, mzee wa upande huu hamwendei mzee wa upande ule akamwambia, "Namtaka binti yako." Hutumwa mshenga. Mshenga anajua lugha ya pande zote mbili, anajua la kutaja na la kumeza. Kati ya kompyuta na kifaa chochote yupo mshenga wa aina hiyo, naye huitwa draiva. Windows ya biti 64 haimpokei mshenga wa biti 32 hata akija na barua. Na hata aliye wa biti 64 hudaiwa awe na sahihi inayotambulika. Kwa hiyo, ukiona kifaa cha zamani kimekataa kuelewana na kompyuta mpya, usikipige kofi. Bwana harusi mzima, bibi harusi mzima. Mshenga ndiye aliyefariki, na mtengenezaji aliyekuuzia printa miaka ishirini iliyopita haoni faida ya kumtuma mwingine, wakati anayo printa mpya ya kukuuzia.

Skana ya Shangazi iliishia hapo. Leo inazuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo wa bahari. (Ipo programu ya kulipia iitwayo VueScan, ambayo hubeba washenga wa maelfu ya skana zilizotelekezwa. Niliijua baada ya mlango kuzoea.)

LX-300 ilikuwa na bahati ya watu wasio na makuu. Ukiitumia herufi, inachapa herufi. Haihitaji mshenga msomi; ndani ya Windows yupo mmoja wa maandishi matupu, mchache wa maneno, anayetosha. Kilichokosekana kilikuwa njia. Nikaagiza Kariakoo waya wenye USB kichwa kimoja na pini 36 kichwa kingine. Muuzaji aliniapia kwamba "huu unakubali kila kitu, bosi," na waya ukapanda basi kuja Tanga.

Kuhusu waya hizi, neno moja. Ndani ya kichwa chake mna chipu, na chipu hughushiwa kama noti. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za kugeuza USB kuwa matundu ya zamani ya RS-232, ilitoa draiva mpya iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na chipu ya kughushi iliifuta namba ya utambulisho na kuiandika sifuri. Watu waliamka asubuhi na waya zilizokuwa nzima jana zimekuwa kamba. Wengi hawakujua kwamba wana feki. Kelele zilikuwa kubwa, na draiva ikaondolewa.

Waya wangu ulitambuliwa. Tatizo likawa lingine: Windows iliupa anwani USB001, na programu ya mwaka 1996 haijapata kusikia kitu kama hicho, yenyewe inajua LPT1, inaita LPT1, na itaita LPT1 hadi siku ya kiyama. Dawa inayofahamika ni kuishiriki printa kwenye mtandao kana kwamba ni ya jirani, kisha kwa amri ya net use kuiambia Windows kwamba LPT1 maana yake ni printa ile ya jirani, ambaye ni wewe mwenyewe. Niliifanya. DOSBox haikusikia, kwa kuwa DOSBox ya kawaida haijui kuchapa kabisa. Katika michezo nani anachapa? Nikahamia kwa ndugu yake, DOSBox-X, anayejua. Jumapili ya tatu, saa kumi alasiri, LX-300 ilikohoa na kutoa ankara. Ilitoka baada ya mteja kuondoka, kwa sababu kila mstari ulisubiriwa ufuatwe na mwingine kabla kazi haijahesabiwa kuwa imekwisha, lakini ilitoka, nakala tatu.

Kama ungependa faraja ukiwa umefika hapa, ujue huko peke yako. Jeshi la Marekani lilitumia diski laini za inchi nane katika mfumo wa mawasiliano ya silaha zake za nyuklia hadi mwaka 2019. Treni za chini ya ardhi za San Francisco nazo zimekuwa zikiongozwa na mfumo unaopakiwa kutoka kwenye diski laini. Hakuna aliyekuwa mshamba. Waliangalia kinachofanya kazi, wakaogopa kukigusa.

Hatua ya sita ndiyo ambayo ningekushauri uanze nayo, na ndiyo maana nimeiweka mwisho. Weka VirtualBox, ambayo ni kompyuta nzima ndani ya kompyuta, na humo ndani piga Windows XP yenyewe, ile ya biti 32, na chumba chake cha uani kikiwa salama. XP itakupa siku 30 uithibitishe kuwa ni halali, kwa hiyo itafute CD yenye namba yake mapema. Itaomba pia mtandao. Usiipe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita duniani kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikiwamo, kwa kutumia udhaifu katika SMBv1, lugha ya zamani ya kushirikiana mafaili. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft iliitolea XP kiraka, miaka mitatu baada ya kuizika. Tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows mpya husakinishwa ikiwa imeiweka lugha hiyo kando. Ndiyo sababu laptopu yako haiioni folda ya kompyuta kuukuu hata mkiwa chumba kimoja. Si kiburi.

Ulinzi wa kompyuta ya Shangazi, kwa upande wake, ni kutokuwa na waya wa intaneti, na kile kitambaa.

Wikiendi ya nne kila kitu kilikwenda. Laptopu ilikuwa na XP tumboni, STOO2 ndani ya XP, na printa ikiitika. Karani alitakiwa kuwasha laptopu, kufungua VirtualBox, kuwasha XP, kusubiri, kuiambia VirtualBox kwamba waya wa printa ni wa XP na si wa Windows 11, kisha kufungua programu. Nilimwandikia hatua hizo kwenye karatasi, nikaibandika ukutani kwa gundi ya dukani. Shangazi aliisoma yote, akavaa miwani akaisoma tena. Halafu akafunua kitambaa, akabonyeza swichi ya kompyuta ya zamani, na kabla sijamaliza soda yangu mteja alikuwa ameshika nakala nyeupe.

Huyo ndiye mwanamke ambaye Januari 2000, ankara zilipoanza kutoka na mwaka 1900 kwa sababu kijana wa mabati alihifadhi tarakimu mbili tu za mwaka, hakumwita fundi. Alichonga mhuri. Mhuri huo upo hadi leo, na kila ankara hupigwa mwaka kwa mkono.

Laptopu sasa inaandikia barua za madai na inaonyesha mpira. Nilichosaidia kweli ni kidogo: kila Ijumaa karani ananakili folda ya STOO2 kwenye flashi mbili, moja inalala nyumbani kwa Shangazi, na nimebadilisha betri ya saa ndani ya kompyuta kuukuu, ile ya CR2032 inayofanana na sarafu, ambayo ikifa mashine husahau tarehe kila ikizimwa. Diski laini za mwaka 1996 zenye programu asilia tulizifungua tukazikuta zimeota ukungu wa pwani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani au ofisini kwako kuna kompyuta kuukuu yenye tundu la pini 25 nyuma, hata kama haiwaki, usimpe muuza vyuma chakavu. Tunatafuta vipuri. Bei tutaelewana, na hata saruji tunaweza kukulipa.